Sahani ya Nyumbani

Asubuhi niliyoondoka Parkdale, magharibi mwa Toronto, sikuwa na mpango wowote, isipokuwa mpango wa kutokuwepo pale jioni. Mke wa mwenyeji wangu alikuwa anafika kutoka Dar es Salaam kwa ndege ya alasiri, baada ya kusubiri karatasi zake kwa muda mrefu mno, na chumba chao kilikuwa kimoja, na humo ndani kochi lilikuwa langu. Mwenyeji wangu, Mtanzania aliyekuwa akipanga maboksi nami kwenye ghala moja, alikuwa amekwisha kufua mapazia. Mwanamume akifua mapazia, mgeni hangoji kuambiwa.

"Kaka, kwani lazima iwe leo?" aliniuliza, huku ameshika begi langu ananisaidia kulifunga zipu.

"Shemeji anakuja. Utamwambia mimi ni nani, fanicha?"

"Lakini hujapata pa kwenda."

"Ndiyo."

"Hujapata kabisa?"

"Ndiyo."

"Haya, chukua hizi chapati."

Nayaandika mazungumzo hayo kama yalivyokuwa kwa sababu ndani yake mlikuwa na jambo lililokuja kuendesha siku yangu nzima, nami sikuliona. Sisi mtu akituuliza "Hujala?" nasi hatujala, tunajibu "Ndiyo." Yaani ndiyo, umesema kweli, sijala. Aliyeuliza anaelewa, anapakua. Canada nilikuwa nimeishi mwaka mzima na zaidi nikijibu Kiingereza namna hiyo hiyo, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba wenyewe wakisema "yes" mahali hapo wana maana nyingine kabisa. Shule niliacha kidato cha pili. Pengine somo hilo lilikuwa la kidato cha tatu.

Nikapanda tramu ya kwenda mashariki kwa sababu ya magharibi ilikuwa imejaa. Nilikuwa nimesikia kwamba Crescent Town, huko mashariki, hakukosekani mtu wa nyumbani mwenye kochi, lakini sikumjua hata mmoja kwa jina. Kitu nilichokitaka hasa kilikuwa kuona mwisho wa reli ukoje. Tangu utotoni nimekuwa mtu wa kutaka kujua njia inaishia wapi. Hiyo ndiyo iliyonitoa shuleni, ikanitoa Tanga, ikanipitisha kwenye kazi ambazo nyingine hata majina hazina.

Mwisho wa reli sikuuona. Tramu za Toronto zina tabia yao: iko njiani vizuri, imevuka mto, mara dereva anatangaza kwamba hii haiendi mbele tena, inageuza, kila mtu ashuke angoje nyingine. Hasemi kwa nini, na watu hawaulizi. Wanashuka kimya kama waumini. Nami nikashuka, na pale niliposhuka pakanijia harufu ya nyama inayochomwa.

Nikaifuata. Ilinipeleka kwenye bustani ya mtaa yenye uwanja mkubwa wa majani na vumbi jekundu, na ndani ya uwanja wamesimama wanaume weusi waliovaa sare. Suruali za rangi ya maziwa zilizoishia chini ya magoti, soksi ndefu, kofia zenye mistari. Nikajua hapa pana shughuli. Kwetu watu wazima hawavai sare bure. Ni arusi au ni arobaini. Kisha nikaona uzio umetundikwa picha kubwa za zamani za wanaume weusi, zisizo na rangi, kila moja na jina, na chini ya jina mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa. Basi si arusi. Nikavua kofia yangu, nikatengeneza uso.

Chini ya hema la mbele aliketi bibi mmoja mweusi mwenye kofia ya kanisani yenye maua, na kipaza sauti cha mkononi kikimning'inia mkononi kama pochi. Watu wote walikuwa wakienda kwake kuuliza, kwa hiyo nikaona yeye ndiye mfiwa mkuu. Nikamwendea, nikainama, nikampa mkono kwa mikono miwili.

"Bibi," nikasema kwa Kiingereza changu, "poleni sana na msiba."

Alinitazama. Machozi yakamlengalenga.

"Unajua," alisema, "tangu nianze kuandaa jambo hili, watu wananipa hongera. Hakuna aliyewahi kunipa pole."

Sikuelewa, lakini nikaendelea kuinama. Akanikagua, fulana yangu, begi langu.

"Wewe si yule wa Windsor? Yule mjukuu?"

"Yes," nikasema. Yaani ndiyo, mimi siye.

"Asante Yesu! Na bado hujabadilisha nguo?"

"Yes."

Hapo uso wake ulichanganyikiwa kidogo, maana kwa masikio yake nilikuwa nimesema nimekwisha badilisha, nami nimevaa fulana ya duka la rangi. Lakini alikuwa mtu mwenye mambo mengi asubuhi hiyo. Akainua kipaza sauti, akautangazia mtaa mzima kwamba mjukuu amefika, kisha akanitupia sare iliyokuwa imekunjwa kwenye kiti.

Sasa mtu anaweza kuniuliza kwa nini nilivaa. Mimi nitamwuliza yeye, nani kwetu anakataa sare? Ukipita kwenye shughuli ya watu ukapewa sare, umehesabiwa, na aliyehesabiwa anakula. Niliivaa nyuma ya mti. Ilikuwa ya sufu nzito, iliyoshonwa kama zile za zamani, na ilikuwa Julai. Baada ya muda mfupi nikawa nanuka kama kondoo aliyenyeshewa.

Tukapangwa mstari mbele ya zile picha, na Bibi akaanza kusema. Ndipo nikajua nipo wapi. Wale wa pichani walikuwa wachezaji wa besiboli wa enzi ambazo ligi kubwa hazikuchukua mtu mweusi, hata kama angepiga mpira ukapotelea mawinguni. Wakaunda timu zao wenyewe, wakazunguka na basi mji hadi mji. Mchana wanacheza, uwanja umejaa, wanapigiwa makofi na watu wa kila rangi. Jioni wanakwenda hotelini wanaambiwa vyumba vimejaa, na funguo zote zinaning'inia ukutani nyuma ya aliyewaambia. Wengine walilala ndani ya basi. Wengine walichukuliwa na familia za weusi wenzao, na mama yake Bibi alikuwa mmoja wa waliowachukua. Leo, alisema, kila aliyevaa sare anasimama mahali pa mmoja wao.

Nilisikiliza kwa makini kuliko wote katika mstari, nadhani. Wenzangu walikuwa na magari pale nje na nyumba zilikuwa zikiwangoja. Mimi nilikuwa na begi, na jua lilikuwa linakwenda. Nikawatazama wale wa pichani nikaona tunafahamiana.

Kisha Bibi akafika kwenye picha iliyo mbele yangu, mwanamume mwenye masikio makubwa yaliyosimama kama milango ya teksi, akasema huyu alicheza upande wa kulia wa nyuma, na kwamba mjukuu wake, huyu hapa, amesafiri kutoka Windsor kumwakilisha. Watu wakashangilia. Mama mmoja akaja akanikumbatia. Babu yangu mimi alikuwa mpishi kwenye shamba la mkonge, na kitu pekee alichowahi kukipiga kwa rungu ni nyoka.

Nikamsogelea Bibi. "Bibi, huyu si babu yangu."

"Naye alikuwa hivyo hivyo," alisema, akinipangusa vumbi begani. "Hakupenda makuu. Hutaki kusema maneno mawili?"

"Yes," nikasema, yaani sitaki, naye akanikabidhi kipaza sauti.

Nikasema niliyoyajua. Nikawashukuru waliotoka mbali na waliotoka karibu. Nikasema familia imefarijika. Maneno ya mwisho sikuwa nayo kwa Kiingereza, nikayasema kwa Kiswahili, kwamba Mungu awalaze marehemu wetu mahali pema. Kutoka mbali, upande wa mahema ya chakula, sauti ya mwanamke ikajibu, "Amina!"

Kwetu baada ya maneno hayo hufuata chakula. Pale ulifuata mchezo.

Kocha wa timu yetu, mzee mnene mwenye filimbi ambayo sikumwona akiipuliza, alinitazama ninavyoshika glavu, akanielekeza nyuma kabisa upande wa kulia. Nilidhani ni kwa heshima ya babu. Baadaye niliambiwa ndiko wanakopeleka mtu wasiyemwamini. Huko nyuma mpira haukuja, lakini nilikuwa karibu na mahema, na yule mama wa amina alikuwa hapo anakaanga mikate, yale maandazi ya mviringo ya Kikongo, beseni la unga miguuni. Alikuja na kwaya ya kanisa lao kutoka St. James Town. Kando yake aliketi mzungu mwenye ndevu nyekundu na kofia ya majani, anakula mikate yake taratibu, kila akichukua mmoja anasema samahani.

"Weye kijana!" mama akaniita. "Kiswahili yako ni ya radio. Unatoka Tanzania?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Na ile sakoshi yako kule kwa uzio, unasafiri?" Alikuwa analionyesha begi langu.

"Natafuta chumba, mama. Nilikokuwa nimetoka leo."

"Leo ya leo?"

"Leo ya leo. Jioni sijui nitalala wapi."

Akapiga ulimi. "Kwetu batoto banalala mpaka mu korido. Ningekuwa na fasi, ningekupa. Na badala ya kutafuta nyumba uko unacheza mupira na kofia ya mistari?"

"Walinipa sare."

"Ah," akasema, ameridhika kabisa. "Sare haikataliwe."

Ikafika zamu yangu ya kupiga. Kocha akanipa rungu, akaniambia niende nikasimame kwenye sahani. Nilikuwa na njaa, nadhani nilitembea haraka kuliko ilivyostahili. Sikuona sahani. Niliona kipande cheupe cha mpira kilichozikwa kwenye vumbi, na mwamuzi akanionyesha kwamba ndicho hicho. Sahani ya nyumbani, ndivyo wanavyoiita, na hakuna kitu juu yake.

Timu ya pili ilikuwa ya watu wa zimamoto, na siku hiyo kwa heshima walimwachia diwani wa eneo lile awe mrushaji. Diwani alikuwa mtu wa mikono mirefu na malengo mafupi. Akainua mguu, akarusha, na mpira ukaja moja kwa moja kwenye mbavu zangu.

Besiboli sikuijua, lakini rede naijua. Rede ni mchezo wa wasichana mtaani kwetu: mmoja anasimama katikati, wawili wanamrushia mpira, na kazi yake ni kukwepa. Dada zangu walinifundisha kwa sababu walikuwa wamekosa mtu wa kumpiga. Basi nikaukwepa. Wa pili ulikuja miguuni, nikaruka. Wa tatu ulikuja kichwani, nikachuchumaa, rungu limenilalia begani kama jembe. Nilianza kufurahia. Nilimwonea huruma diwani, maana katika rede mrushaji akikosa hivyo wasichana wanamzomea. Wa nne nikaukwepa kwa mgongo, mtindo wa dada yangu mkubwa, na uwanja ukalipuka kwa makofi. Mwamuzi akanionyesha njia ya kwenda kituo cha kwanza, tena nitembee, nisikimbie; kumbe mrushaji akikosea mara nne, mpigaji hupewa kituo bure. Nikasikia mtu akisema, "Uvumilivu ule! Babu yake mtupu."

Kwenye kituo cha kwanza kocha alikuwa ananingoja. Akaninong'oneza nikiibe cha pili. Nikakitazama cha pili: kifuko cha turubai kimepigiliwa chini katikati ya vumbi. Nani atakinunua?

"Hutaki kuiba?" kocha akauliza.

"Yes," nikasema kwa msimamo.

"Safi! Diwani akiinua mguu tu, ondoka."

Diwani akainua mguu. Kocha akapiga kelele, na kule mbali yule mama wa Kikongo, ambaye naye hakujua mchezo ule hata kidogo lakini aliona watu wanasimama, akapaza sauti iliyozoea kwaya: "Kimbia, weye! Kimbia!" Mimi nimekulia mahali ambapo neno wizi na neno kimbia yakisikika pamoja, unakimbia kwanza. Nikakimbia. Mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya sahani, akautupa mpira kuelekea nilikokuwa nikienda, nikausikia unakuja nyuma yangu, nikaukwepa. Ukapita kati ya wazima moto wawili ukaenda zake, ukadunda, ukadunda, ukatumbukia kwenye beseni la unga.

Sikuyaona hayo. Niliona watu wananipungia mikono niendelee, nikaendelea mpaka kituo cha tatu, na hapo nikasimama kuvuta pumzi. Ndipo wakaanza.

"Go home!" alianza mmoja. Kisha safu nzima. Kisha uwanja mzima, wazee, mama aliyenikumbatia, kwaya ya kanisa, wote wamesimama, wananinyooshea mikono, wanaimba kwa pamoja: "Go home! Go home! Go home!"

Maneno hayo nilikuwa nimekwisha kuyasikia Toronto, mara moja kwenye basi na mara moja kutoka dirisha la gari, na sikuhitaji mkalimani. Nenda kwenu. Lakini hayakuwahi kusemwa na watu wengi hivyo, wala kwa furaha hivyo, wala na weusi wenzangu. Nikajua wamegundua kwamba mimi si wa Windsor. Kocha mwenyewe alikuwa anaruka akinionyesha niondoke. Kilichoniuma si kufukuzwa. Ni kwamba siku hiyo, kati ya siku zote, hata kama ningetaka kuwatii sikuwa na pa kwenda.

Begi langu lilikuwa nyuma ya mdakaji, kwenye uzio. Nikaamua kulichukua na kuondoka kama mtu. Sikukimbia, mwizi ndiye anayekimbia, na mimi sikuwa nimeiba kitu. Nikatembea. Kofia nimeivua, nimeishika kifuani. Nyuma kule wazima moto walikuwa wakibishana na mama juu ya beseni, kwa sababu alikataa mtu yeyote asitie mkono kwenye unga wake. Alikuwa anautafuta mpira kwa mwiko. Kelele za nenda kwenu zikageuka kuwa mayowe. Nikampita mdakaji, aliyekuwa amesimama mikono wazi akingoja mpira ambao hauji, nikakanyaga ile sahani tupu kwa sababu ilikuwa njiani, na mwamuzi akatandaza mikono akapaza sauti kwamba niko salama.

Nikamshukuru. Lilikuwa neno la kwanza la upole tangu waanze kunifukuza.

Nilikuwa nimekwisha kutia begi begani wenzangu wa timu waliponifikia. Wakanibeba, mimi na begi. Iliwachukua muda kunieleza kwamba kuiba kituo ni kukikimbilia mrushaji akiwa bado anarusha, kwamba katika mchezo ule kazi yote ni hiyo, kuondoka nyumbani, kuzunguka, na kurudi pale pale ulipoanzia kabla mpira haujakuwahi, na kwamba kwa Kiingereza nyumbani na kwenu ni neno moja. Nilifikiri ni mchezo wa ajabu kuliko yote niliyowahi kuiona, watu wazima wanazunguka jua kali ili wafike walipokuwa. Kisha nikafikiri tena, nikaona sina haki ya kumcheka mtu kwa hilo.

Tulishinda, nadhani. Kwenye foleni ya nyama yule mzungu wa ndevu nyekundu alikuwa mbele yangu. Akageuka akavua kofia yake ya majani kwa heshima.

"Samahani," akasema. "Nilitaka tu kusema umecheza vizuri. Ulitembea kuja nyumbani kama alivyokuwa akitembea babu yangu. Mama yangu alikuwa akitusimulia."

"Babu yako yupi?"

Akaionyesha kwa kidole picha ya mtu wa masikio. Nikaitazama picha, nikamtazama yeye bila kofia. Masikio yalikuwa yale yale, milango ya teksi, ila mekundu kwa jua.

"Wewe ndiye wa Windsor!"

"Ndiye mimi. Baba wa mama yangu. Nilifika asubuhi nikamwambia yule bibi nimekuja kwa ajili ya mchezo, akaniambia watazamaji wakae kule, mpenzi. Alikuwa na kazi nyingi. Sikutaka kumsumbua."

Kama ni mimi ningepiga kelele mpaka mtoni. Yeye alikuwa amekaa mchana kutwa akila mikate na kumshangilia mtu mwingine kwa jina la babu yake. Nikamshika mkono nikampeleka kwa Bibi, nikamweka chini ya picha, nikamvua kofia. Bibi aliangalia juu, akaangalia chini, akaangalia juu. Kisha akakaa.

"Mungu wangu," alisema. "Leo hii. Leo hii, nimemzuia mtu asiingie uwanjani kwa sababu ya rangi yake."

Watu hawakujua kama waombe radhi au waombe dua. Kicheko kilianza kwake mwenyewe, mabegani, kikapanda mpaka maua ya kofia yakatikisika. Mzungu akasema samahani. Bibi akamvuta akambusu kila sikio, machozi yanamtiririka, kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe ni nani? Kwa nini uliniambia ndiwe?"

"Nilikuambia siye, Bibi."

"Ulisema yes!"

"Ndiyo. Nilisema yes, siye."

Akanitazama kama mtu anayetazama saa iliyosimama. Akaliona begi begani. Sauti yake ikashuka.

"Mwanangu, huna mahali pa kulala leo?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nimelingoja tangu asubuhi bila kujua. Nikalijibu kwa moyo wangu wote.

"Yes," nikasema.

"Ah, Mungu ni mwema," alisema, akanipapasa shavu, na watu wakamchukua kwenda kupiga picha na mjukuu wa kweli.

Nikabaki nimesimama. Sikuelewa jinsi mtu mwema namna ile anavyoweza kumshukuru Mungu kwa sababu mwenzake hana pa kulala. Mahema yalianza kukunjwa. Wazima moto waliondoka na gari lao. Yule mama wa Kikongo alikuwa anaosha mwiko, akanitazama.

"Amekuuliza nini yule mama muzee?"

"Kaniuliza kama sina pa kulala. Nikamwambia yes. Akafurahi, akaenda zake."

Mwiko ulinipata begani, na huo sikuukwepa.

"Weye! Unawaza Kiingereza ni Kiswahili? Ukisema yes, anasikia uko na fasi! Umemwambia uko na nyumba!"

"Lakini kauliza kama sina."

"Sikiliza. Mu Kifaransa banatuwekea neno ya hapo: si. Wanakuuliza hauna? Kama uko nayo, unasema si. Imeisha. Kiingereza haina kitu hapo, ni shimo tupu. Mie nilipoteza kazi mu shimo hiyo. Banauliza, hauna shida kufanya usiku? Nikasema yes. Basi dawa ni moja: usiseme yes, usiseme no. Sema maneno yote."

Nilisimama nikairudia siku yangu nyuma, yes moja moja, kama mtu anayerudi njiani kutafuta funguo. Mjukuu. Nguo. Hotuba. Wizi. Kisha nikafikiria kila yes niliyoisema Canada tangu nifike, nikakaa chini kwenye majani.

"Usikae!" mama akasema. "Anaenda!"

Kweli, Bibi alikuwa amefika kwenye lango la bustani, mkono mmoja kwa mjukuu. Mbali mno kwa sauti ya mtu mwenye aibu. Lakini kipaza sauti chake kilikuwa mezani. Mama akakichukua kabla sijakifikia, akakiweka mdomoni, na Kiingereza chake kikaufunika uwanja, njia, na kituo cha tramu.

"Madame! Huyu mchezaji hana nyumba! Amesema yes, lakini ni no! Hana nyumba!"

Kila mtu akageuka. Watu waliokuwa wanangoja tramu waligeuka. Nikaona kofia ya maua nayo inageuka. Mama akanisukumia kipaza sauti kifuani.

"Sema. Maneno yote."

Nikasema, mbele ya watu wote wale na picha zote zile, polepole, nikipanga neno baada ya neno: "Leo. Mimi. Sina mahali pa kulala."

Bibi alirudi uwanja mzima kwa miguu yake, hakuharakisha, akaja akasimama mbele yangu.

"Sasa kwa nini usiseme hivyo tangu mwanzo?"

Mama akafungua mdomo kueleza habari ya Kifaransa, lakini Bibi alikuwa amekwisha kulishika begi langu kwa kamba yake.

Nyumba yake ilikuwa nyuma ya bustani, mtaa wa pili, ya matofali, nyembamba kama imebanwa na majirani. Mjukuu wa Windsor alitangulia kupanda na begi langu, akiomba samahani kwa kila ngazi iliyolia. Chumba kilikuwa juu kabisa chini ya paa. Mlikuwa na dirisha lililotazama uwanja, kiti, na kitanda kirefu kuliko kitanda chochote nilichowahi kukiona. Miguuni kilikuwa kimeongezwa mbao za rangi nyingine, na godoro limeongezwa kipande. Bibi alisema mmoja wa wachezaji alikuwa mrefu mno, na baba yake Bibi hakutaka mtu aliyekataliwa na hoteli aje tena anyimwe na kitanda. Tangu wakati huo hakuna aliyekipunguza. Mimi ni mfupi. Nilipokaa nikaona miguuni kwangu panatosha mtu mwingine mzima.

Mjukuu aliteremka kusaidia vyombo. Bibi akabaki mlangoni, mkono kwenye kitasa.

"Wewe ni mtu wa kuondoka ondoka, naona. Hutaondoka kesho asubuhi?"

Neno lilikuwa limekwisha fika ulimini. Nikalimeza. Yeye akangoja, alikuwa amejifunza kungoja.

"Kesho asubuhi," nikasema, kama mtu anayevuka kijito kwa kukanyaga jiwe moja moja, "nitakuwepo."

"Vizuri," alisema Bibi. "Basi vua hiyo sare, mwanangu. Nyumba nzima inanuka kondoo."